Jina Nililoliruka Siku Ile Mliponipigia Makofi

Bwana asifiwe!

Wewe unayenisikiliza, nakuomba usiitikie kwa nguvu bado. Ngoja nimalize. Kama nikifika mwisho "Amina" yako bado ipo mdomoni, itoe hapo, nitaipokea kwa shukrani.

Wengi mnanijua. Mimi ni Maduhu, fundi seremala wa hapa Butimba. Mabenchi haya mliyokalia nimeyachonga mimi, na vitanda mlivyoamkia leo asubuhi vingi ni vyangu. Wazazi wenu nimewatengenezea majeneza. Tena mnanijua kwa jambo la pili: mimi ndiye katibu wa chama chetu cha kuzikana, mwenye daftari.

Nimesimama hapa nikiwa na hasira. Jana Mchungaji aliniuliza kama ushuhuda huu ni wa shukrani. Nikamwambia ndiyo, ila una hasira ndani yake. Akasema, "Fundi, hasira uiache nje ya mlango." Nikamjibu, "Nikiiacha nje, Mchungaji, nitakuwa nimeuacha ushuhuda wenyewe." Akasema, "Basi usimtukane mtu." Sitamtukana mtu. Nitasema kweli, na nitaanza na mimi mwenyewe.

Ndugu zangu, mwili wa Bibi Milembe umelala sebuleni kwa binti yake, Mama Shija, hatua chache kutoka hapa tulipo. Leo saa kumi alasiri anatakiwa kuzikwa. Nimepita makaburini leo jua linachomoza. Kaburi halijaguswa. Hakuna hata alama ya jembe! Na ninyi wenyeji mnajua kwa nini. Kwa faida ya wageni nitaeleza polepole, maana mtu hawezi kusaidia jambo asilolielewa.

Huku kwetu mtu hazikwi na ndugu zake peke yao. Ukifiwa, chama kinakuja. Wanaume wanachimba kaburi, wanawake wanapika, na watu wanalala msibani mpaka matanga yaanuliwe. Wanaume tunalala nje kuzunguka moto. Wanawake wanalala ndani kwenye mikeka, bega kwa bega na mfiwa, ili asije akazinduka akajikuta peke yake. Ni desturi nzuri. Mtu asitoke hapa akasema Fundi Maduhu ameidharau. Nilipofiwa na baba yangu, desturi hiyo ndiyo iliyonishika mkono nikaweza kusimama.

Na nchi yetu hii ya mawe inatulazimisha kuhitajiana. Makaburi yetu yako mlimani. Ukichimba mpaka magotini unakutana na jiwe, na jiwe la Mwanza halina huruma. Kaburi moja linataka wanaume kumi wenye mitaimbo, wakipokezana. Kwa hiyo wazee waliweka adhabu kwa anayevunja taratibu za msiba. Anatengwa. Mtu aliyetengwa hatumsalimii, hatumwazimi hata chumvi, na akifiwa hatuendi. Kazi yangu mimi ni kuandika. Kila asubuhi ya msiba, kabla chai haijamiminwa, ninaita majina ya waliolala. Asiyeitika ninamwekea alama.

Sasa ukaja ule ugonjwa wa kupumua. Mnakumbuka tulivyouita? Tuliuita nimonia. Tuliuita mafua makali. Tuliupa kila jina isipokuwa jina lake. Korona! Haya, nimelitaja kanisani na paa halijaanguka.

Mimi nilijua. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Katika mtaa, seremala anajua kabla ya mchungaji. Zamani nilikuwa nachonga jeneza, kisha narudi kwenye kabati la mtu, wiki zinapita. Wiki zile makabati yalisimama. Nilikuwa sijamaliza kupigilia jeneza moja, mtu mwingine yuko mlangoni ameshika kamba aliyompimia mzazi wake. Mikono yangu ilijua. Pua yangu ilijua. Mdomo nikaufunga, kwa sababu katibu wa chama hawezi kuitwa mwoga.

Mtu mmoja hakuufunga wake. Mama Shija anafanya usafi wodini, hospitalini. Si nesi, si daktari. Anapiga deki, anabeba taka, anabadilisha mashuka. Alikuwa anawaona watu wakiingia kwa miguu yao na anaona wanavyotoka. Mchana mmoja alikuja karakana kwangu amevaa barakoa aliyoishona mwenyewe kwa kitenge.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mama Shija. Mbona umefungwa mdomo kama ndama wa kuachishwa maziwa?"

Mafundi wenzangu wakacheka. Yeye hakukasirika. Akasema, "Ndama anaachishwa ili akue, Fundi. Nisikilize. Waambie watu wa chama wasilale ndani kwa kubanana. Wazike, wapike, walie, jioni waende makwao. Na madirisha yafunguliwe."

"Niwaambie mimi?"

"Wewe ndiye mwenye daftari."

Kisha akanionyesha kitu ambacho sitakisahau. Bati la karakana yangu lina tundu, na jua la saa nane lilikuwa linapita pale likishuka kama fimbo mpaka sakafuni. Ndani ya mwanga ule unga wa mbao ulikuwa unaelea. Akasema, "Unauona huo unga? Hapo pembeni pia upo, ila huuoni kwa kuwa hakuna mwanga. Na wote humu mnauvuta. Pumzi ya mgonjwa iko hivyo hivyo. Akikohoa kwenye chumba kilichofungwa, inabaki inaelea, na kila aliyelala mle anaivuta mpaka asubuhi."

Ndugu zangu, hakuna tangazo lililonielewesha kama maneno yale. Mimi ninayekohoa unga wa mbao kila jioni nilielewa sawasawa! Nikamwambia, "Nimekusikia, mama." Halafu sikumwambia mtu yeyote neno lolote.

Siku chache baadaye akafa Mzee Masanja. Mama Shija alikuja msibani. Alisonga ugali, aliosha vyombo, alilia na wenzake. Jioni akaenda kulala kwake. Asubuhi nikaita jina lake, hakuitika, nikaweka alama. Siku ya pili, vile vile. Siku ya tatu tukazika.

Wageni waelewe: tukirudi kutoka makaburini, mlangoni pa mfiwa linakuwepo beseni la maji. Kila aliyetoka kaburini ananawa pale kabla ya kukaa kula. Beseni moja. Maji ni yale yale, mtu wa kwanza mpaka wa mwisho. Siku ile walikuwepo wanaokohoa, walikuwepo waliotoka kupenga kamasi kwa vidole, wote foleni moja.

Mama Shija akaja amejitwika ndoo yenye koki. Akaiweka juu ya stuli, akaweka na sabuni. Akasema kwa adabu kabisa, "Ndugu zangu, naomba tunawe hapa, maji yanatiririka."

Mwenyekiti wetu, Mzee Budeba, akamtazama. Akainama, akatumbukiza mikono yote miwili kwenye beseni, akaigeuza geuza humo kama mtu anayefua. Akasema, "Sisi hatumwogopi marehemu wetu."

Watu wakacheka, wakajipanga nyuma yake. Na mimi nilijipanga. Nilikuwa wa nne.

Hapo Mama Shija akaliinua beseni, akalimwaga chini.

Nilisikia udongo ukiyanywa yale maji, jinsi watu walivyonyamaza. Kisha shangazi wa marehemu akapiga ukelele: "Kamwaga maji ya msiba! Katuletea mkosi kwenye nyumba yetu!"

Mama Shija alikuwa anatetemeka. Lakini alisema. "Mzee Masanja amekufa na korona. Shuka lake la mwisho nimelitoa mimi kitandani. Alikuwa anaomba hewa, shangazi. Nisamehe, lakini sitaki kuja kutoa na mashuka yenu."

Ushujaa ndio ule. Mtu anatetemeka na bado anasema! Sisi tuliojiita hatuogopi tulikuwa tumesimama pale tukimwogopa Mzee Budeba kuliko kifo.

Jioni ile wazee wakakaa. Nikaitwa na daftari langu. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Mama Shija ametengwa kwa kumwaga maji ya msiba." Nikapiga mstari kwa rula. Kwa rula, ndugu zangu! Kama vile ninachora mlango.

Haikupita muda. Asubuhi moja nilipiga randa mbao ya mkangazi. Mnajua mkangazi unavyonukia, harufu yake inafika mpaka barabarani. Sikusikia kitu. Nikaiinua mbao mpaka puani. Kimya, kama nimenusa maji. Nikaketi juu ya jeneza la mtu, nikasema moyoni, Maduhu, na wewe limekufika.

Siku ya tano kifua kilikuwa kimekaliwa na gunia. Mke wangu, Mama Joyce, akapeleka habari kwenye chama. Nao walikuja! Nataka niwape haki yao, walikuja. Wakasimama barabarani, nje ya uzio wa michongoma, wakapaza sauti: "Pole, Katibu! Tunakuombea, Katibu!" Mama Joyce akawaambia, "Karibuni ndani basi, mnisaidie kumgeuza, ni mzito." Hakuna aliyevuka. Hata mmoja! Sauti niliyoisikia vizuri kuliko zote ni ya Mzee Budeba: "Tusimchoshe mgonjwa. Tutarudi."

Nimeyatafakari haya miaka yote hii na bado yananichoma. Msibani hamkuogopa kulala chumba kimoja na wanaokohoa, kwa sababu aliyelala jenezani hawezi kukuomba umgeuze wala umpe maji. Aliye hai anaomba. Mkamkimbia aliye hai!

Mama Joyce masikini alikuwa amefanya alilolijua. Amechemsha majani, amenifunika mablanketi mawili pamoja na sufuria, nijifukize. Mle ndani nilikuwa nazama. Ninavuta, haiji. Ndipo nikasikia "Hodi" mlangoni, na kabla hajakaribishwa blanketi likavutwa na mwanga ukanipiga usoni. Mama Shija.

"Mama Joyce, fungua madirisha yote. Na mlango. Fundi, lala kifudifudi."

Sikilizeni nilichomjibu. Nilikuwa na pumzi chache za kuhesabu, na moja kati ya hizo niliitumia kumwambia, "Wewe... umetengwa."

Akasema, "Basi usinisalimie. Lala kifudifudi."

Nikalala. Akaniwekea mto kifuani. Kifua kikafunguka kidogo, kama mlango uliovimba kwa mvua unaposogea nusu inchi. Akazitazama kucha zangu, zimegeuka bluu, akamwambia mke wangu, "Huyu si wa nyumbani tena. Tunampeleka sasa hivi."

Bajaji ya kwanza ilisimama, dereva akaniona, akaondoa gari. Ya pili haikusimama. Mama Shija akazunguka nyuma ya nyumba akatoka na mkokoteni wangu wa mbao, ule ninaopelekea majeneza kwa wafiwa. Wakatandika godoro, wakanilaza. Yeye akavuta mbele, Mama Joyce akasukuma nyuma. Wanawake wawili, jua kali, mlima ule mnaujua.

Njiani wanaume walivua kofia. Nikasikia mtu akisema, "Ni Fundi. Ameshakwenda." Mwingine akasema, "Sasa yeye atachongewa na nani?" Nikainua mkono kuwaonyesha bado nipo, na mama mmoja akapiga yowe akamwaga nyanya zake zote barabarani. Leo tunacheka. Cheka, cheka tu mama, najua upo humu, nyanya zako nilikuja kuzilipa kwa stuli.

Hospitali nilipata kitanda na hewa ya mtungi. Sijui niliishi siku ngapi nikiwa ninahesabu pumzi. Ninachokumbuka ni kwamba kila Mama Shija alipomaliza kupiga deki upande ule, alisimama miguuni kwangu na fagio lake, akaniambia, "Vuta. Toa. Taratibu, Fundi, hakuna anayekukimbiza." Zamu yake ikiisha hakwenda nyumbani. Anaketi. Anamlisha uji mtu wa kitanda cha pili ambaye hana ndugu. Anarudi kwangu. "Vuta. Toa."

Na Mungu akanirudishia pumzi yangu. Hilo nalisema bila kumung'unya maneno. Alinirudishia! Ila alipitisha mkono wake kwenye mkono wa mwanamke mwenye fagio, mwanamke niliyempigia mstari kwa rula.

Sasa nafika kwenye dhambi yangu hasa.

Nilipopona nilisimama hapa hapa. Mnakumbuka. Nilivaa suti ya kijivu. Nikasema Bwana alinitoa katika bonde la mauti, nikasema alinibeba, nikasema hewa ilikwisha na akanipa hewa. Mkasimama mkanipigia makofi, kwaya ikaimba. Na jina la Mama Shija sikulitaja. Lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Nikatazama benchi la mbele, nikamwona Mzee Budeba amekunja mikono ananitazama. Nikaliruka. Nikasema, "Bwana alinibeba," nikaacha kusema alinibeba kwa mkokoteni, na nani aliuvuta.

Yeye alikuwa amekaa benchi la mwisho, peke yake, maana hakuna aliyekubali kukaa naye. Nilimtazama. Ndugu zangu, alikuwa anapiga makofi! Nilipotoka nje alinipita mlangoni akasema, "Rangi imerudi, Fundi. Mshukuru Mungu." Akaenda zake.

Ule haukuwa ushuhuda. Nilimwibia mtu mchana, mbele ya madhabahu, na ninyi mkaimba.

Miaka ikapita. Chanjo ikaja, wengine humu tulikutana kwenye foleni tukajifanya hatujuani. Watu wakarudi kushikana mikono. Na angalieni jambo hili, angalieni vizuri, maana ndilo linaloninyima usingizi. Leo kwenye misiba yetu yote tunanawa kwenye nini? Semeni wenyewe. Ndoo ya koki! Chama kimenunua mbili. Zinatunzwa kwangu karakana, na Mzee Budeba mwenyewe hunawa kwa sabuni mpaka viwiko. Ndoo tumeikubali. Mwenye ndoo bado ametengwa! Tumechukua akili yake, tukamwachia adhabu yetu. Kuna haki gani hapo? Kuna wokovu gani?

Miaka yote hiyo alimuuguza mama yake peke yake. Bibi Milembe alikuja kutoka Magu amebebwa, mwili umechakaa kwa kupanda mpunga maisha yake yote. Ukipita pale alikuwa anaita kutoka ndani, "Mwangaluka!" naye hajui kwamba binti yake hasalimiwi. Wengi mlipita bila kumjibu. Mtu mzima, kikongwe, anakusalimia na unatazama pembeni! Mimi nilikuwa najibu kwa sauti ya chini, ili majirani wasisikie. Nani ni mbaya zaidi, sijui.

Ijumaa Mama Shija alikuja karakana. Hakuingia, alisimama pale pale mlangoni.

"Shikamoo, Fundi. Mama amelala. Naomba jeneza."

"Pole sana, mama. Pole. Nitakuja kupima."

"Nimeshapima." Akanipa kamba. Ilikuwa fupi, ndugu zangu. Uzee unampunguza mtu.

Nikamuuliza, "Na wachimbaji?"

"Nimeongea na vijana wawili wanaopakua mizigo pale stendi. Wamesema watajaribu."

"Wawili? Mlimani pale?"

"Ndio niliowapata." Hakulia. Alisema kama mtu anayeagiza meza. "Na kubeba tutabeba kwa mkokoteni wako, kama utaniazima. Ninaujua kuuvuta."

Ninaujua kuuvuta! Nilisikia kitu kinakatika ndani ya kifua changu, kile kifua alichokifungua yeye. Nikafunga karakana mchana kweupe, nikapiga magoti kwenye unga wa mbao, nikalia kwa hasira. Sikuomba vizuri. Nilimwambia Mungu, ulinipa pumzi na mimi nimeitumia kunyamaza! Nipe basi na mdomo, la sivyo uichukue pumzi yako.

Na akanijibu. Huu ndio ukombozi ninaoushuhudia leo, kuliko ule wa mapafu. Nilipoinuka pale nilikuwa bado natetemeka, lakini miguu ilikuwa inakwenda. Ilinipeleka moja kwa moja kwa Mzee Budeba. Naye yupo, ananisikia. Shikamoo, Mzee.

Nilimkuta anapukuchua mahindi barazani. Nikamwambia, "Mzee, Mama Shija amefiwa. Nataka tukazike."

"Maji ya msiba aliyamwaga mbele ya macho yako."

"Na mimi akanivuta kwa mkokoteni mbele ya macho ya mtaa mzima."

"Shangazi yake Masanja nitamwambia nini?"

"Mwambie tulikosea."

Akaacha mahindi. "Wewe ndiye uliyeandika, Katibu. Mwandiko ni wako. Miaka yote hii ulikuwa wapi?"

Alinichoma, na alikuwa na haki. Nikamwambia, "Nilikuwa naogopa, Mzee."

"Unamwogopa nani?"

"Wewe."

Alisukuma magunzi yake kando. Kisha akasema neno ambalo sikulitegemea: "Nilikuja kwako nikaishia kwenye michongoma. Unadhani nimesahau?" Akaingia ndani. Hakuniambia atakuja, hakuniambia hatakuja.

Ndugu zangu, Mzee huyu si mnyama. Sisi sote si wanyama. Tulishikwa na hofu mbili, hofu ya ugonjwa na hofu ya watu, na hii ya pili ndiyo iliyotubakia ugonjwa ulipopungua. Ninakuambia wewe uliyekaa hapo na hofu yako: mwamini Mungu, yupo! Kumwamini si kutumbukiza mikono kwenye beseni chafu ili uonekane jasiri. Kumwamini ni kuvuka uzio mtu anapokuita. Mimi ameniponya mara mbili, na mara ya pili imeuma zaidi. Namshukuru Bwana kwa pumzi hii. Namshukuru Bwana kwa Mama Shija! Jina lake nimelitaja. Mama Shija!

Daftari hili hapa. Hapa ndipo ulipokuwa ukurasa wake. Nilipiga mstari kwa rula. Leo nimeuchana bila rula, na karatasi yenyewe ninayo mfukoni, nitamkabidhi mwenyewe aiwashie jiko. Anayetaka kunitenga mimi, kalamu iko mezani, aandike.

Jeneza limekwisha. Ni mkangazi, na harufu yake naisikia.

Sasa fanyeni hivi. Ibada ikiisha, msisimame uwanjani kupiga soga. Nendeni nyumbani mvue nguo za kanisani. Wanawake, chukueni sufuria na unga, mwende kwake. Mlango wake ni ule wa kijani ng'ambo ya mtaro, mkifika mpigeni hodi na mumsalimie. Ndoo za koki nimeshazipeleka. Wanaume, chukueni jembe, koleo na mtaimbo, tukutane makaburini saa tano, tuanzie upande wa juu penye jiwe kubwa. Mzee Budeba, mtaimbo wako ndio mrefu kuliko yote. Njoo nao.